Kwotabeki namba mbili chuoni: ahame au akomae hapohapo?

Mjomba wa Columbus #1
Wakuu salaam. Hii ni kwa wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo, mlioko huku na nyie wa nyumbani mnaokesha Jumamosi. Kijana ni kwotabeki (yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi) namba mbili, mwaka wa pili huu yuko nyuma ya mwenzake, anaingizwa pale timu inapoongoza kwa pointi 40 na watu washaanza kutoka uwanjani. Aingie potali ahame, au abaki apambanie namba?

Msimamo wangu nauweka mapema: ahame. Kwotabeki ni kama kipa, anacheza mmoja mechi nzima, hakuna kocha anayebadilisha kwotabeki ili mwenzake apumzike. Mkimbiaji namba mbili atapata mipira yake kila mechi, beki namba mbili ataingia, ila kwotabeki namba mbili anaweza akamaliza msimu mzima jezi haijapata hata tope. Mfano ni wa hapahapa kwetu. Joe Burrow alifika Ohio State 2015, akasubiri, akasubiri, 2018 Dwayne Haskins akapewa timu, jamaa akafungasha akaenda chuo cha LSU. Msimu wa 2019 akapiga pasi 60 za tachidauni (bao lao), mechi 15 ushindi 15, Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) akabeba, drafti ya 2020 (timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua wachezaji kwa zamu) akaitwa wa kwanza kabisa. Angeng'ang'ania Columbus tungemjua leo?

Kipanga TX #2
Mjomba umechagua mfano unaokufaa. Na mimi nakuletea wangu: Jalen Hurts. Chuo cha Alabama, fainali ya taifa ya Januari 2018 dhidi ya Georgia, katolewa mapumziko mbele ya nchi nzima, kaingia Tua Tagovailoa, mtoto wa mwaka wa kwanza, timu ikashinda 26-23 muda wa nyongeza. Kila mtu akasema Hurts anaondoka. HAKUONDOKA. Akakaa benchi msimu mzima wa 2018, ikafika fainali ya SEC (ligi yao), Georgia haohao, Tua kifundo kikamgomea, Hurts akaingia timu ikiwa nyuma akaipindua 35-28. Ule ndo uanaume. Leo ana Super Bowl (ubingwa wa NFL) na MVP (tuzo ya mchezaji bora wa fainali hiyo) yake. Abaki akomae.

Salome_wa_Mwanza #3
Ngoja nikae hapa nijifunze, hii michezo mume wangu anaangalia mimi naona watu wanagongana tu.

Fundi Bomba #4
Wakuu kwa sisi wa mbali, potali ndo nini? Ni kama dirisha la usajili?

Otieno wa Minneapolis #5
@Fundi Bomba karibia hivyo. Ni orodha ya kwenye kompyuta ya NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo) ya wachezaji wanaotaka kuhama, ilianza Oktoba 2018. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa anaomba ruhusa kwa kocha, na kocha angeweza kumpangia hata vyuo ambavyo haruhusiwi kwenda. Siku hizi unaambia chuo andikeni jina langu, wanaandika, makocha wengine wanaruhusiwa kukupigia simu. Alafu zamani ukihama ulikuwa unakaa mwaka mzima bila kucheza, labda uwe umeshagraduate. Hiyo ya kukaa mwaka ikaondolewa 2021 kwa uhamisho wa mara ya kwanza, na tangu 2024 unahama mara ngapi utakazo mradi masomo yako yako sawa. Julai 2021 pia ndo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Hayo mawili yamekuja mwaka mmoja, ndo maana sasa hivi ni soko huru kabisa.

Kwa futiboli dirisha sasa ni moja tu, Januari 2 hadi 16. Lile la Aprili wamelifuta. Kwa hiyo kijana hana tena nafasi ya kusubiri aone mazoezi ya machipuko yatakuwaje ndo aamue. Lazima aamue Januari, kabla hajajua atakuwa namba ngapi.

Fundi Bomba #6
Asante mkuu, nimeelewa.

Nyundo ya Chuma #7
@Kipanga TX hapo umechanganya. Hurts hakuwa namba mbili wa kawaida, alikuwa namba moja miaka miwili, ameanza mechi 28 kashinda 26. Mtu mwenye rekodi hiyo kukaa benchi mwaka mmoja siyo sawa na kijana ambaye hakuna mkanda wake hata mmoja wa mechi ya maana. Na mwisho wa siku Hurts ALIHAMA. 2019 alikuwa Oklahoma, akamaliza wa pili Heisman nyuma ya huyohuyo Burrow. Sasa ni mfano wa kubaki au wa kuhama?

Kipanga TX #8
Ni mfano wa kubaki kwanza. Alihama akiwa na digrii mkononi na heshima yake yote. Hakukimbia siku aliyoonewa.

Mama Neema (KY) #9
Jamani hapo kwenye digrii ndo pa kukaa tuongee, mnapita haraka sana. Nafanya kazi ofisi ya masomo ya chuo kimoja huku, kazi yangu ni kupokea wanaohamia na kupitisha krediti zao. Niwaambie ninachokiona. Kijana anakuja na krediti zake kutoka chuo cha kwanza, sisi tunaangalia somo moja moja, hili tunalo, hili hatuna, hili litahesabika kama somo la ziada tu halisogezi digrii. Alikuwa anasoma biashara, kufika kwetu anajikuta anasoma kitu ambacho hakukichagua kwa sababu ndiko krediti zake zilikoangukia. Akihama tena mwaka unaofuata ni yaleyale. Nimeona mtu wa mwaka wa nne ana karatasi ya masomo kutoka vyuo vitatu na digrii iko mbali kuliko ya mtoto aliyekaa sehemu moja miaka miwili na nusu.

Burrow aliondoka Ohio State AMESHAMALIZA digrii. Hurts hivyohivyo. Hawa mnaowatolea mfano walimaliza shule kwanza ndo wakahama. Mjomba, kama ni mtu wako unayemuulizia, mwambie aangalie hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Mjomba wa Columbus #10
Ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Asante sana dada Neema, hili nalipeleka leo. Digrii bado.

Baharia_77 #11
Ila mama Neema wengi wa hawa hawaendi chuo kusoma, tuwe wakweli.

Mama Neema (KY) #12
@Baharia_77 sasa kwotabeki namba mbili ambaye hataenda NFL atakula nini akifika miaka 24? Na wengi hawaendi.

Dawg wa Dodoma #13
Mimi ni Georgia damu, nawaletea kisa cha chuo kimoja tu muone jinsi hii kitu isivyo na kanuni.

2017 namba moja ni Jacob Eason. Mechi ya kwanza ya msimu goti, akaingia Jake Fromm, mwaka wa kwanza, akaipeleka timu mpaka fainali (hiyohiyo aliyotolewa Hurts). Eason kupona anakuta kiti kina mtu, akahamia Washington. 2018 akaja Justin Fields, dogo mwenye sifa nchi nzima, akamkuta Fromm hatoki. Kakaa msimu mmoja, akaenda Ohio State. Sasa angalia drafti: Fromm aliyeshikilia kiti chake miaka mitatu, raundi ya tano. Eason aliyehama, raundi ya nne. Fields aliyehama, wa 11 kwa nchi nzima mwaka 2021. Hapo utasema kuhama kunalipa eti?

Subiri. Katika hiyo miaka kulikuwa na kijana anaitwa Stetson Bennett, hana hata skolashipu, amekuja mwenyewe 2017 kufanya mazoezi na timu tu. Akaona hapana, 2018 akaenda chuo kidogo cha miaka miwili huko Mississippi. Georgia wakamuita tena, akarudi, akakaa nyuma ya Fromm, msimu wa 2020 akapewa mechi kadhaa akanyang'anywa, 2021 akaingia aliyekuwa mbele yake alipoumia na mwishowe kiti kikawa chake. Ubingwa wa taifa msimu wa 2021, ubingwa msimu wa 2022. Huyu alihama AU alibaki? Vyote viwili! Na Carson Beck kakaa nyuma ya Bennett kimya kabisa, 2023 zamu yake ikafika, miaka miwili ndo namba moja, alafu akahamia Miami. Chuo kimoja, na kila mmoja ana hadithi yake.

Otieno wa Minneapolis #14
Dawg hiyo ni post ya mwaka. Ila kuna kitu mnakizunguka: pesa. Tangu makubaliano ya kesi ya House (wachezaji walioishtaki NCAA) yapitishwe Juni 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, dari la mwaka wa kwanza ni dola milioni 20.5 kwa chuo kizima michezo yote. Kwotabeki namba mbili wa chuo kikubwa anaweza kuwa anapata hela nzuri kuliko namba moja wa chuo kidogo. Kwa hiyo "ahame akacheze" siyo rahisi kama 2018. Kuna anayekaa benchi kwa sababu benchi linalipa, na sioni kwa nini tumlaumu.

Nyundo ya Chuma #15
Na kuna anayehama sababu ajenti wake ndo anataka ahame, maana mkataba mpya ndo asilimia mpya. Hilo nalo liwekwe mezani.

Kocha Mstaafu #16
Mnaosema wengi wa namba mbili hawafiki NFL, tafuteni Matt Cassel. USC, kakaa nyuma ya Carson Palmer, kakaa nyuma ya Matt Leinart, wote wawili washindi wa Heisman. Hakuwahi kurusha pasi hata moja chuoni. Patriots ya NFL wakamchukua raundi ya saba 2005, kwotabeki wao Tom Brady alipoumia goti 2008 akashika timu wakamaliza 11-5 (ushindi 11, kupoteza 5).

Dawg wa Dodoma #17
@Kocha Mstaafu marekebisho kidogo, pasi alirusha, 33 katika miaka yake yote USC. Ambacho hakuwahi ni KUANZA mechi kama kwotabeki.

Kocha Mstaafu #18
33 miaka yote, umeniongezea nguvu. Na Brady mwenyewe je? Kaingia Michigan 1995 ana watu kibao mbele yake, ubingwa wa 1997 anautazama akiwa pembeni, Brian Griese ndo anacheza. Alifikiria kuhama akabaki. Hata baada ya kupewa timu, 1999 kocha akawa anambadilisha na Drew Henson, robo ya kwanza huyu, ya pili yule, ndo anaamua nani aendelee. Akachukuliwa wa 199 kwenye drafti. Nidhamu ya kungoja na kupigania namba kila siku aliipata pale.

Baharia_77 #19
Sasa mzee wangu, kwa kila Brady aliyebaki kuna mamia walibaki na hakuna anayewajua. Na kwa kila Burrow aliyehama vilevile. Tunahesabu waliofika tu. Wanaoingia potali na simu isilie hatuandiki majina yao. Wapo wengi, na chuo ulichotoka kinaweza kumpa mtu mwingine skolashipu yako ukishaingiza jina.

Mama Wawili #20
Naomba niseme kama mzazi maana hili limenipitia. Mwanangu wa kwanza alikuwa kwotabeki namba mbili chuo kidogo huku kusini. Akahama. Kocha wa chuo kipya alikuja mpaka sebuleni kwangu, akala ugali na samaki, akaniambia mama huyu ndo kijana wangu wa mbeleni. Tukaamini. Kabla msimu haujaisha yule kocha akafukuzwa, akaja mwingine na kwotabeki wake kutoka alikotoka, mwanangu akawa namba tatu. Akahama tena. Likizo alivyorudi nyumbani nikafungua buti la gari lake nikakuta viatu vya rangi ya chuo hiki, begi la rangi ya chuo kile, jaketi la rangi nyingine, na mtoto mwenyewe hata kuongea hataki. Simlaumu aliyehama, simlaumu aliyebaki. Ninachosema ni kwamba mwanangu hakuhamia chuo, alihamia kwa mtu mmoja, na yule mtu akaondoka.

Salome_wa_Mwanza #21
Pole sana dada. Anaendeleaje sasa?

Mama Wawili #22
Asante mdogo wangu, kamaliza shule, anafundisha watoto mpira sekondari na yuko vizuri.

Nyundo ya Chuma #23
Pole mama. Ila kumfuata mtu wakati mwingine kunalipa. Caleb Williams 2021 alikuwa namba mbili Oklahoma nyuma ya Spencer Rattler, akaingizwa mechi ya Texas timu imezidiwa vibaya wakashinda 55-48, akawa ndo namba moja. Kocha Lincoln Riley alivyohamia USC, Williams akamfuata, 2022 Heisman. Na Riley huyohuyo Oklahoma aliwafundisha Baker Mayfield, Kyler Murray na Hurts, wote wametoka vyuo vingine. Wawili Heisman, 2017 na 2018, mmoja wa pili 2019. Kwa hiyo swali siyo kuhama au kubaki, swali ni kwa kocha gani.

Kipanga TX #24
Murray huyohuyo baada ya kuhama kakaa nje 2016 alafu 2017 akawa namba mbili wa Mayfield. Kahama AKANGOJA. Mnamuweka upande wenu bure. Na Bryce Young alingoja 2020 nyuma ya Mac Jones, ambaye naye alingoja nyuma ya Tua, ambaye naye alianza nyuma ya Hurts. Alabama ilikuwa foleni, kila mtu akifikiwa anacheza. Jones akachukua ubingwa wa 2020, Young Heisman ya 2021.

Nyundo ya Chuma #25
Foleni iliyokuwa na Nick Saban mlangoni. Saban kastaafu Januari 2024. Nani leo anakuhakikishia foleni haitarukwa? Kocha anakutazama umekaa miaka miwili unajua kila mchezo wa kitabu cha mbinu, Januari anaenda sokoni analeta mtu wa miaka 23 aliyeshaanza mechi 30. Heisman ya 2025 kachukua Fernando Mendoza, Indiana, ametoka California. Waliokuwa wanangoja zamu Indiana wamepata nini? Ubaya wa soko ndo huu, hata anayebaki anahamiwa.

Bandeji na Barafu #26
Sijaona mtu anaongelea mazoezini, nami nilikuwa mwanafunzi wa kazi kwenye chumba cha matibabu cha timu, nafunga vifundo na kubeba barafu, kwa hiyo nilikuwa nawaona kila siku. Namba moja anapata mipira mingi sana ya mazoezi, namba mbili anapewa inayobaki. Namba tatu ndo kabisa, huyo anaigiza kwotabeki wa wapinzani. Msaidizi wa kocha ananyanyua kadi kubwa imechorwa mchezo wa timu tutakayocheza nayo Jumamosi, kijana anaangalia sekunde chache anaufanya kama ulivyochorwa ili mabeki wetu wauzoee. Wiki nzima anajifunza mchezo wa watu wengine! Kadi zimelowa, pembe zimekunjika, na yeye anatakiwa akosee pale yule wa wapinzani anapokosea. Alafu mnasema "apambanie namba", apambanie na mipira ipi?

Namba mbili wetu alikuwa anabaki baada ya mazoezi anamuomba mpokeaji yeyote aliyebaki ampokelee pasi. Wengine washaoga. Mara nyingine aliyekuwa anampokelea ni mimi.

Kocha Mstaafu #27
@Bandeji hayo ni kweli, nimeyafanya hayo. Ila nakuongezea, kocha anamjua anayebaki baada ya mazoezi. Cardale Jones, Ohio State 2014, alikuwa namba TATU. Braxton Miller bega kabla ya msimu, J.T. Barrett kifundo kikavunjika mechi ya Michigan. Mechi yake ya kwanza kuanza ni fainali ya Big Ten (ligi yao), 59-0 Wisconsin. Ya pili Alabama, 42-35. Ya tatu fainali ya taifa, 42-20 Oregon. Kama angekuwepo potali na hela mwaka ule, angekuwa bado pale Desemba?

Mjomba wa Columbus #28
Ile timu nilikuwa naishi hapahapa, mji mzima haukulala.

Dawg wa Dodoma #29
Upande wa pili wa shilingi ni Kelly Bryant. Clemson 2018, namba moja, Trevor Lawrence akapewa timu baada ya mechi nne. Mwaka ule ndo kanuni mpya imeingia, ukicheza mechi zisizozidi nne mwaka wako hauhesabiki. Bryant akaondoka wiki ileile ili aokoe mwaka wake. Mechi iliyofuata, Syracuse, Lawrence akaumia kipindi cha kwanza! Ambaye angeingia ni Bryant, akaingia Chase Brice, wakashinda 27-23 dakika za mwisho, na Clemson wakamaliza 15-0 na ubingwa. Bryant akaenda Missouri, chuo kikafungiwa mechi za mwisho wa msimu, drafti hakuitwa.

Otieno wa Minneapolis #30
Lakini Lawrence alirudi mechi iliyofuata. Bryant angecheza nusu mechi moja alafu mwaka wake ungekuwa umeungua. Kwa hesabu ya mwaka wake alifanya sawa kabisa, kilichofuata ni bahati mbaya.

Dawg wa Dodoma #31
Nusu mechi na pete ya ubingwa mkuu.

Otieno wa Minneapolis #32
Pete hailipi kodi ya nyumba.

Baharia_77 #33
Otieno wewe ni hela tu. Hivi yule Mkenya wenu wa raga aliyeenda Colts ya NFL, Adongo, aliishia wapi?

Otieno wa Minneapolis #34
Daniel Adongo, 2013. Alitoka raga hajawahi kucheza futiboli hata ya shule na akaingia uwanjani NFL. Ila huyo siyo kwotabeki, usitoroshe mada.

Mjomba wa Columbus #35
Wakuu nimeongea na mpwa. Aliye mbele yake yuko mwaka wa tatu, anaweza kuingia drafti au akarudi, hajasema. Kocha wa makwotabeki anamwambia "wewe ndo unafuata". Chuo kimoja kidogo kimeshamtafuta kupitia kocha wake wa sekondari kwamba akiingia potali wanamchukua aanze. Mimi bado nasema ahame, dada yangu anasema amalize shule.

Mama Wawili #36
Kaka, huyo kocha wa makwotabeki mkataba wake unaisha lini? Na kocha mkuu je? Muulize hayo kwanza.

Nyundo ya Chuma #37
Na hicho chuo kidogo kinamuita nani mwingine? Waambie wataje. Kama wanaongea na makwotabeki watatu, "uje uanze" ni neno la simu tu.

Kipanga TX #38
Abaki. Mwenzake akienda drafti, timu ni yake.

Nyundo ya Chuma #39
Burrow naye angebaki, Haskins aliondoka baada ya msimu mmoja tu. Na kiti kingekuwa chake? Fields alitua Columbus mwezi huohuo Haskins anatangaza drafti. Hiyo "timu ni yake" niambie ni ya nani.

Kipanga TX #40
Fields alikuja kwa sababu kiti kilikuwa wazi. Burrow angekuwepo amekaa juu yake, Fields angeenda kwingine.

Dawg wa Dodoma #41
Hapana bwana, Fields alikuja Georgia wakati Fromm amekaa juu ya kiti. Mtu kukaa hakumtishi.